Mtegemezi wa Dirisha la Nne

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Daftari langu mpendwa, salamu nyingi, na baada ya salamu nakutakia uzima katika kurasa zako zote, zilizoandikwa na ambazo bado. Mimi ni mzima wa afya, isipokuwa goti la kushoto, ambalo nalo linakusalimu. Naomba radhi kwa ukimya wa siku kumi na moja. Si uvivu. Sikuwa na jambo la kuwaficha watu. Leo ninalo.

Binti yangu amerudi kutoka hospitali na bahasha kubwa. Yeye ndiye anayepima mionzi ya mashine za saratani, mgonjwa asichomwe kupita kiasi wala pungufu. Kwa ajili ya kazi hiyo tulihamia nchi hii miaka miwili iliyopita, yeye, mume wake na mimi. Sasa kibali cha kazi na ukaazi, kile wanachopewa wageni wenye ujuzi wa hali ya juu, kinafikia mwisho. Fomu mpya ziwe zimepokewa kabla ya Ijumaa, tarehe 14, saa tisa alasiri. Zikikosekana, tunafunga mizigo, na mashine inabaki bila mpimaji.

Alinipa fomu nitie sahihi. Nikavaa miwani. Mtaalamu: binti yangu. Mtegemezi wa kwanza: mume wake. Mtegemezi wa pili: mimi. Na chini yake, kwa wino mweusi usio na huruma, Kazi ya mtegemezi: HANA.

Hana! Miaka arobaini na mmoja nilikuwa mkaguzi wa mizani. Nimewanasa wauza sukari. Nimewanasa wauza misumari. Nimemnasa padri mmoja kwa mishumaa, ingawa yeye nilimsamehe. Sanduku langu la mawe ya mizani, ya shaba, kuanzia gramu moja hadi kilo mbili, limelala chini ya kitanda changu sasa hivi, na kila Jumapili nalipangusa kwa kitambaa cha pamba. Hana!

Mkwe wangu hana kinyongo. Kwao alikuwa mwalimu wa jiografia, hapa anapika na kufua. Aliniambia, huku akimenya vitunguu, kwamba kutegemea nako ni kazi, Baba, tena haina wivu kwa sababu hakuna anayeitamani. Nikamjibu kwamba namheshimu sana. Akacheka mpaka akatokwa na machozi, au vilikuwa vitunguu.

Binti akauliza kama nimetia sahihi. Nikasema nitatia baada ya sala. Sikutaja sala ipi.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Ofisi ya uhamiaji, saa mbili kamili asubuhi. Nilimwambia binti kwamba nakwenda kunyoosha goti. Mungu anisamehe. Goti limenyooshwa kweli, saa tatu nzima, kwenye mstari.

Mbele yangu daktari wa mifupa. Nyuma yangu mhandisi wa madaraja. Wote wageni, wote wataalamu, wote wamekumbatia bahasha zao kama watoto wachanga. Mhandisi aliniuliza kwa adabu mimi ni mtaalamu wa nini. Nikamwambia mizani. Akasema, "Ooh." Nimeipima ile ooh. Ilikuwa pungufu.

Dirisha la Nne lina mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa uzi. Nilimwamkia. Nikauliza hali yake, hali ya nyumbani, hali ya watoto. Akasema watoto hawajambo, ila nyuma yangu kuna watu arobaini. Nikageuka nikawaomba radhi wote arobaini. Hilo nalo lilichukua muda.

Nilimweleza kwamba, kwa bahati mbaya, nchi hii imeniandika mtegemezi, na kwamba nisingependa kuiacha iendelee kukosea. Akaniuliza nina shahada. Nikamwonyesha cheti changu kilichotiwa sahihi na Bruda aliyetufundisha shule ya misheni, marehemu, mwenye kauli kwamba jiwe la mizani ni nusu ya sala. Akauliza lile doa ni nini. Nta ya mshumaa, nikamwambia. Alikigeuza, akakigeuza tena, akasema lipo fungu la ujuzi adimu, lisilodai shahada, na kwamba tangu aketi dirishani hapo hajaona ujuzi adimu kama wangu. Nilishukuru. Alikuwa hacheki, nadhani.

Lakini masharti! La kwanza, niwe na mwajiri. La pili, mwajiri atangaze nafasi hiyo siku tano za kazi, mahali panapoonekana na watu wote, ili ithibitike kwamba hakuna raia mwenye ujuzi huo. La tatu, mtu hakai kwenye mafaili mawili. Anayetaka kuwa mtaalamu sharti kwanza ajiondoe kwenye utegemezi.

Kujiondoa! Nilitia sahihi kabla hajamaliza kusogeza karatasi. Akaniambia, "Mzee, soma na nyuma." Nikamjibu kwamba sisi wa misheni tulifundishwa kusoma mbele kwa makini na kuiamini nyuma. Akavaa miwani, akanitazama, akagonga muhuri.

Nimerudi nyumbani bila utegemezi. Nimekula chakula cha mchana cha mkwe wangu kama mgeni wa heshima.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mwajiri. Hapo ndipo penye mfupa.

Katika mtaa huu mtu mmoja tu anaishi kwa mizani, naye ni mwenye bucha wa ghorofa ya chini. Kwa masikitiko makubwa, mwenye bucha huyo na mimi hatusemezani tangu mwezi wetu wa kwanza hapa. Nilinunua kilo moja ya nyama, nikaipeleka juu, nikaipima kwa mawe yangu. Gramu mia tisa na sabini! Nikashuka nayo, nikatangaza upungufu huo mbele ya wateja sita, kwa sauti ya kawaida, ingawa wapo waliosema ilisikika mpaka kwa fundi viatu. Tangu siku hiyo ananiita Bwana Gramu. Nami nimekuwa nikimwamkia kwa kuinua kofia bila kuinua macho.

Leo nimeshuka kuomba radhi. Niliandaa maneno tangu alfajiri. Nikasema, ndugu yangu, yaliyopita si ndwele. Akasema gramu thelathini zile bado anazikumbuka. Nikasema hata mimi. Akaendelea kukata mbavu. Nikamweleza haja yangu. Akaweka shoka chini, akafuta mikono, akauliza kama nimesema "mtaalamu wa kigeni". Nikakiri.

Hapo akageuka mtu mwingine! Akasema wateja wa siku hizi wanapenda kitu cha kigeni. Angebandika ukutani maneno haya: Mizani hii inatunzwa na Mtaalamu wa Kigeni. Mwenye bucha wa mtaa wa pili angelia damu. Ikawa tumekubaliana, kwa sharti kwamba kwanza niitengeneze mizani yake bure.

Niliifungua. Chini ya sahani kulikuwa na kipande cha mafuta kilichokauka, umri wake sikuthubutu kukisia. Uzito wake, gramu thelathini kamili. Mwenye bucha akasema kilikuja na mizani. Nikasema bila shaka. Nikakitoa. Akakitazama kikiingia kwenye ndoo ya takataka kama mtu anayemsindikiza ndugu.

Kisha nikaandika tangazo, kwa mwandiko wangu bora. Anatafutwa mtaalamu wa mizani. Awe na uzoefu usiopungua miaka arobaini na mmoja. Awe mjane. Awe amesomea misheni. Aweze kupima kwa kiganja bila kukosea zaidi ya gramu kumi. Awe na sanduku lake mwenyewe la mawe ya mizani, kamili, lisilopungua jiwe hata moja. Mwenye bucha aliuliza ujane unasaidiaje kupima nyama. Nikamwambia mjane huwahi kazini.

Tumelibandika kando ya picha ya ng'ombe aliyegawanywa kwa mistari. Ng'ombe huyo na mimi tulitazamana kwa muda. Sote wawili tulikuwa tumeandikwa vizuri.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Siku mbili za kazi zimepita. Hakuna mwombaji. Si kwa bahati.

Nimehamia kwenye benchi la fundi viatu, mkabala na bucha, na gazeti. Kila anayesimama kusoma tangazo namwendea, namwamkia, na kumwonya kwa wema. Dada mmoja nilimwambia kazi hii huharibu viganja. Jamaa mmoja aliyebeba pampu ya baiskeli nilimweleza kwamba mtangulizi aliondoka na tatizo la bega. Ni kweli, bega langu la kulia si zuri. Sikusema mtangulizi ni nani.

Zaidi ya hayo, kila asubuhi nalipandisha tangazo shubiri moja. Kwa adabu tu, ili wateja wasilipake mafuta. Leo liko juu ya mlango, chini kidogo ya dari. Mwenye bucha akasema tangazo linapaa kama moshi. Nikamjibu kwamba sheria inadai mahali panapoonekana na watu wote, haikusema panaposomeka.

Hata hivyo amenuna. Anasema tangu mafuta yale yatoke, nyama inamwisha kabla ya saa sita. Nikamwambia huo ndio uaminifu. Akasema uaminifu huo ana wasiwasi nao.

Binti ameuliza tena kuhusu fomu. Nimemwambia iko mahali salama. Ni kweli, iko chini ya sanduku la mawe, na hakuna mahali pazito zaidi nyumbani kwetu. Alinibusu kwenye paji la uso. Alikuwa amechoka. Niliona aibu kiasi, labda gramu mia mbili.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Msiba!

Saa nne asubuhi, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu alisimama mbele ya bucha. Mrefu kupita kawaida ya wema. Akainua uso kidogo tu, akasoma tangazo lote bila miwani, midomo ikicheza. Nilivuka barabara mbio, goti na yote.

Nikamwamkia. Akaniamkia. Tukabishana kwa muda nani mkubwa aamkiwe kwanza, akanishinda kwa miezi saba. Nikamwonya kuhusu viganja. Akafungua chake. Daftari, sijaona kiganja kama kile tangu Bruda afariki! Kipana, kikavu, kimetulia kama sahani. Akasema kwa upole kwamba amepima miaka arobaini na mitatu katika soko kuu la mji huu. Mjane. Amesomea misheni. Tena raia, kutoka unyayo hadi kofia.

Nikamuuliza, nikiwa na tumaini la mwisho, kama kwa bahati mbaya sanduku lake limepungua. Akasema ngoja. Akaenda, akarudi nalo. Ndani lina kitambaa cha zambarau. Cha zambarau! Langu lina flana.

Tulisifiana sana. Nilisema mawe yake yamepauka kwa heshima. Yeye alisema yangu yanang'aa kama ya mtu asiyeyatumia. Nikamshukuru. Akanishukuru. Mwenye bucha alikuwa ameketi juu ya kigogo cha kukatia, mikono kifuani, anatutazama kwa furaha. Akasema hajawahi kuona watu wakitukanana huku wameinama.

Nikamwita kando na kumkumbusha ahadi. Akasema, Bwana Gramu, ahadi ninayo, lakini na huyu mzee ninaye. Amepiga simu Dirisha la Nne. Yule mama amesema atakuja mwenyewe Jumatano, siku ya tano, kutushindanisha kupima kwa kiganja, kwa sababu hakuna bucha iliyowahi kuomba mtaalamu wa kigeni na ofisi nzima inataka kujua mwisho wake.

Nimeamua. Haki ni lazima ishinde. Nitaisaidia kidogo.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Naandika gizani, binti asione taa. Naomba radhi kwa mwandiko.

Nilifika bucha mapema, nikamwambia mwenye bucha nataka kuikagua mizani kabla ya shindano. Akaenda kufungua milango ya nyuma. Nikachukua moyo wa ng'ombe uliokuwa umetengwa kwa ajili ya kipimo cha mwisho. Nikatoa jiwe la gramu mia kutoka kwenye sanduku langu, nikalisukuma ndani kabisa, katika chumba cha moyo. Nikaupima. Kilo mbili na gramu themanini. Hesabu yangu ilikuwa hii: mzoefu wa nyama ataukisia moyo kwa umbo lake, atakosea gramu mia, nami nitautaja uzito wenyewe. Si udanganyifu. Ni mtihani mgumu.

Mama wa Dirisha la Nne alikuja na daftari lake. Wateja wakajaa. Fundi viatu alifunga kazi.

Kipimo cha kwanza, funguo za bucha. Mzee wa Kofia akazitupa kidogo kiganjani, akasema gramu mia na arobaini. Mimi mia na arobaini na tano. Mizani ikasema mia na arobaini. Watu wakaguna.

Kipimo cha pili, mkoba wa mama mwenyewe. Mzee wa Kofia akasema kilo tatu kasoro gramu ishirini. Mimi nikasema kilo mbili. Mkoba ulikuwa kilo tatu kasoro ishirini. Hapo nilishindwa kwa malezi tu, maana si adabu kumwambia mama mbele za watu kwamba mkoba wake ni mzito. Mama aliandika jambo.

Kipimo cha tatu, moyo. Nilitangulia. Nikaushika, nikafumba macho, nikapumua, nikasema kilo mbili na gramu themanini. Watu wakanong'ona. Mzee wa Kofia akaupokea. Akauinamisha huku, akauinamisha kule. Akasema taratibu, "Moyo huu una jambo."

Akaendelea. Wote pamoja ni kilo mbili na gramu themanini, kama alivyosema mzee mwenzangu. Lakini moyo wenyewe ni kilo moja na gramu mia tisa na themanini. Gramu mia zilizobaki ni kitu kigumu, kimelala upande wa kushoto, na kwa ubaridi wake angesema ni shaba.

Mwenye bucha akaupasua. Jiwe langu likaanguka juu ya meza, likabiringika, likasimama mbele ya mama wa Dirisha la Nne.

Nikaeleza kwamba pengine ng'ombe alilimeza. Fundi viatu alitoka nje ili acheke vizuri. Mama akaomba kuliona sanduku langu. Ndani ya flana, kati ya jiwe la gramu mia mbili na la hamsini, kulikuwa na tundu tupu. Kisha akainua uso kuelekea darini, akasoma tangazo langu mwenyewe kwa sauti: sanduku kamili, lisilopungua jiwe hata moja. Akanitazama. Akakata jina langu kwa mstari mmoja ulionyooka sana. Nilimsifu kwa mstari huo. Sikujua la kufanya zaidi.

Mzee wa Kofia amepata kazi. Raia, mjane, kamili.

Lakini hilo si baya zaidi. Mama alinivuta kando, akapunguza sauti. Akasema, Mzee, kwa nini hukusoma nyuma? Nyuma ya karatasi niliyotia sahihi imeandikwa kwamba mtegemezi akijiondoa, faili la familia yote linasimama mpaka ijulikane yeye ni nani. Nyumba ina watu watatu, faili sasa linawataja wawili. Faili la binti yangu limesimama tangu Jumanne ya wiki iliyopita. Barua ilitumwa kwa mkwe wangu. Na Ijumaa ni keshokutwa.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Mkwe wangu alikuwa na ile barua tangu jana mchana. Aliificha kwenye kopo la chumvi ili nipate nafasi ya kusema mwenyewe. Mwalimu mwema. Nimemdharau kwa miaka sita, nikiwa nimekosea kila gramu.

Binti aliporudi, alinawa mikono, akaketi. Nikasimama, kama tulivyosimama kwa Bruda. Nikasema yote: dirisha, mafuta, tangazo, moyo. Nilipofika kwenye ng'ombe kulimeza jiwe, mkwe wangu alitoka kwenda kuangalia sufuria isiyokuwa motoni.

Binti hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniuliza kama najua kwamba Jumatatu kuna watu kumi na wawili wamepangiwa mashine yake, na kwamba bila kibali haruhusiwi kuigusa hata swichi. Nikasema sikujua. Akauliza kama najua jinsi jina langu lilivyoingia kwenye fomu ile. Nikasema kwa kalamu. Akasema hapana. Alilipigania. Ofisi ilitaka watoto tu na mume. Alikwenda pale mara nne, na barua ya mganga mkuu, kuwathibitishia kwamba ana uwezo wa kumtunza baba yake. Akasema, "Maisha yote wewe ndiye uliyenibeba, Baba. Neno lile, mtegemezi, lilikuwa la kwangu. Lilikuwa la kujisifu kwangu."

Nilitazama picha ya marehemu mama yake ukutani. Hata yeye alikuwa upande wa pili.

Mkwe wangu ameisoma barua yote, mbele na nyuma. Njia ipo. Narudishwa kwenye utegemezi iwapo raia mwenye heshima zake, anayenifahamu, atatia sahihi hati kwamba sina ajira wala uwezo wa kupata ajira. Raia wanaonifahamu ni watatu. Fundi viatu hafai, hanioni bila kucheka. Mwenye bucha hafai, kwani ndiye aliyetaka kuniajiri.

Amebaki mmoja. Ana kofia.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Nilimkuta Mzee wa Kofia kazini, saa saba mchana. Juu ya kichwa chake bango jipya: Mizani hii inatunzwa na Mtaalamu. Maneno "wa Kigeni" yamefunikwa kwa chaki. Nikavua kofia yangu. Yeye hakuvua yake.

Nikamweleza shida, nikiwaficha wale wagonjwa kumi na wawili nyuma ya maneno mengi ya adabu. Akanikata katikati. Akauliza ni binti yule mwembamba anayepita asubuhi na mkoba wa buluu? Nikasema ndiye. Akasema marehemu mke wake alichomwa mionzi hospitali ile ile, zamani, kabla hajaja mpimaji wa maana. Kisha akasema lete kalamu.

Alisoma hati yote kwa sauti, mbele ya wateja, pole pole. Kwamba ananifahamu. Kwamba sina ajira. Hapo akasimama, akanitazama, akatikisa kichwa kwa huzuni, akaendelea. Kwamba sina uwezo wa kupata ajira. Hilo akalisoma mara mbili, akisema mara ya kwanza hakulisikia vizuri. Akauliza kama anaruhusiwa kuongeza, "kwa maoni yangu ya kitaalamu". Nikasema nafasi ni finyu. Akaongeza pembeni.

Saa nane na nusu! Nikaichomoa ile fomu chini ya sanduku, nikaitia sahihi, mkwe wangu akanishika mkono, goti langu likasahau umri. Tulifika Dirisha la Nne saa tisa kasoro dakika sita. Kwa mara ya kwanza maishani sikuuliza habari za watoto. Mama alivaa miwani, akasoma mbele, akasoma nyuma, akasoma na pembeni. Bega lake likatikisika. Akaniuliza kama nakubali yaliyoandikwa. Nikasema nakubali, kwa masikitiko. Muhuri ukagonga. Mara tatu. Mtaalamu, mtegemezi, mtegemezi. Miaka miwili!

Binti alikuwa akingoja nje, amekaa kwenye ngazi. Aliponiona akasimama. Nikamwonyesha kibali. Akanishika shingo kama zamani alipokuwa na miaka mitano na nimerudi kutoka sokoni. Kisha akaniapisha, hapo hapo kwenye ngazi, kwa jina la mama yake, kwamba sitakanyaga tena Dirisha la Nne. Nikaapa. Naapa na kwako, Daftari. Mimi ni mtu wa kiapo.

Jumatatu, tarehe 17 Juni

Nyumba ina amani. Binti yuko kazini na watu wake kumi na wawili. Mkwe wangu ananifundisha kumenya vitunguu. Anasema nina mkono. Nimepima maganda. Ni asilimia tisa ya kitunguu, jambo ambalo hakuwa akilijua.

Jana nilishuka bucha kumshukuru Mzee wa Kofia rasmi. Alikuwa amekwenda chooni, na sanduku lake likiwa wazi. Si kawaida yangu. Lakini jiwe lake la gramu ishirini lilikuwa karibu, na mizani yangu ndogo ilikuwa mfukoni, kama inavyokuwa mara nyingi. Gramu kumi na tisa na nusu! Nusu gramu, Daftari! Sanduku lisilo kamili!

Kwa hiyo, kwa heshima zote, na bila kinyongo na mtu yeyote, nimemwandikia Mkurugenzi wa uhamiaji mwenyewe. Nimemweleza kwamba shindano lile halikuwa halali. Nimempendekezea fungu jipya la kibali, la Mtegemezi Mwenye Ujuzi wa Hali ya Juu, na nimejitolea kuwa wa kwanza. Iwapo fungu hilo litachelewa, nimemwomba aniondoe kwenye utegemezi kwa muda. Mwishoni nimeomba radhi kwa urefu wa barua. Kiapo changu hakijaguswa: barua inakwenda Dirisha la Kwanza.

Sijausoma upande wa nyuma wa bahasha. Sioni sababu.

Barua hii itachukuliwa na Mzee wa Kofia, ambaye kesho asubuhi anapita mtaa wa ile ofisi kabla ya kuja kazini. Nilimwambia ni barua ya shukrani kwa ofisi. Aliipokea vizuri, akaiweka juu ya kile kiganja chake, akaitikisa kidogo. Akasema, "Karatasi nne, mzee mwenzangu. Shukrani hutosha kwenye moja."

Kisha akatabasamu, akaitia chini ya kofia yake, na kuniaga kwa heshima kubwa. Mtu mwema sana. Sijui alikuwa na maana gani, lakini inatia moyo kuona kwamba bado wapo watu wa kuaminiwa na barua.